"Run" si kukimbia tu: kitenzi kimoja cha Kiingereza na maana zake mamia

Kila mwaka, Februari inapoelekea ukingoni, Moshi hujaa wakimbiaji. Kilimanjaro Marathon huwaleta wa kilomita 42, wa kilomita 21 na wale wa kilomita 5 wanaotoka na watoto wao kujifurahisha, na neno la Kiingereza "run" huonekana kila upande: kwenye fulana, kwenye mabango, kwenye vibao vya barabarani. Siku hizo neno hilo halimsumbui mtu. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba maana yake ni kukimbia.

Tabu huanza mbio zikishapita. Mtoto yule yule anafungua kitabu chake cha kusoma, anakuta mto nao "unakimbia" kuelekea baharini. Dada yake anayesomea utalii Arusha anaambiwa kwamba mgeni atauliza kama chumba kina "running water". Baba yao anasoma habari za Marekani kwenye simu, anabonyeza zitafsiriwe, na simu inamweleza kwamba mwanasiasa fulani "anakimbia kwa ajili ya ofisi". Swali ni lile lile vijiweni, madarasani na kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wanaojiandaa kupandisha wageni mlimani: hawa watu wanakimbia nini muda wote?

Jibu ambalo wengi hupewa ni "kariri tu". Nalipinga jibu hilo kwa moyo wote. Limewafanya vijana wengi wenye vichwa vyepesi waamini kwamba Kiingereza ni lundo la vituko visivyo na mpangilio, wakati mpangilio upo, na anayezungumza Kiswahili vizuri ana kila anachohitaji ili auelewe.

Kwanza istilahi, nazo ni tatu tu. Maana ya msingi ni ile inayomjia mtu kichwani neno likitajwa peke yake, bila sentensi. Ukitaja "kula", kila mtu atafikiria chakula. Maana ya kitamathali ni pale neno linapotolewa kwenye jambo lake la kawaida na kupelekwa kwenye jambo jingine lenye kufanana nalo kwa upande fulani. Aliyekula rushwa hakutafuna noti, na aliyekula kiapo hakumeza kitu. Nahau ni maneno mawili au zaidi yaliyoshikana hadi yakazaa maana ambayo huwezi kuipata kwa kulipima kila neno peke yake, mfano "kupiga moyo konde". Kwa "run", yote matatu yapo, na kuchanganyikiwa kwingi kunatokana na kuyatia kwenye kapu moja.

Tuanze na miguu. Kinachotofautisha kukimbia na kutembea ni kwamba anayekimbia hufika mahali nyayo zake zote mbili zikawa hewani. Ndiyo maana kwenye mashindano ya kutembea waamuzi hukodoa macho kuhakikisha mguu mmoja unagusa ardhi muda wote. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Nyuzilandi, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alitoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, akabaki mbele hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Hiyo ni "run" isiyo na tafsiri nyingine. Hakuna sitiari hapo, ni mapafu na mapaja.

Sasa tuingie kwenye maji, na hapa ndipo wengi hupotea. Tunadhani Mwingereza alikuwa na neno la miguu, kisha siku moja akalipamba na kulivisha mto. Historia ya neno haisemi hivyo. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kitenzi hiki kilikuwa tayari kinatumika kwa miguu na kwa maji. Kijerumani, lugha yenye undugu wa damu na Kiingereza, mpaka leo kina kitenzi "rinnen", nacho ni cha maji kutiririka na kuchuruzika. Kwa hiyo Mwingereza anaposema mto "runs", hasikii shairi lolote. Kwake hiyo ni lugha ya kawaida kabisa, kama wewe unavyosema mto "unapita".

Kinachounganisha mapaja ya Bayi na maji ya Mto Karanga ni kitu kimoja: mwendo unaoendelea bila kukatika. Mwendo huo wenyewe ndiyo roho ya "run", kasi ni nyongeza tu. Maana zake nyingine zote zimechepushwa kutoka hapo, kwa namna ile ile mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga, unavyogawa maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wazee wa Kichagga walichepusha maji mtoni huko juu karibu na msitu, wakayafuatisha mgongo wa kilima, kisha wakayagawa kwenye vijifereji kwa zamu hadi yakafika kwenye migomba na kahawa ya kila kihamba, yaani shamba la nyumbani. Ukisimama kihambani kule chini, huoni mto. Unaona kijifereji chenye upana wa jembe kikilowesha shina la mgomba, na ukitaka kujua maji yametoka wapi, inabidi upande nacho, kona kwa kona, hadi kwenye banio. Maana ya kitamathali nayo inataka kufuatwa hivyo.

Tufuate mfereji wa kwanza, wa vimiminika. "Running water" ni maji ya bomba, na swali la mgeni kuhusu chumba, kwa lugha ya nyumbani, ni "maji yanatoka?" Mtu akisema pua yake "is running", ana mafua na kamasi zinamtoka. Kitenge kilichofuliwa na shuka nyeupe, rangi zake "zika-run", ni kitenge kilichochuja. Na tumbo? Waingereza husema wana "the runs", huku kwetu Afrika Mashariki tukazoea kusema "running stomach". Sikiliza basi tunavyolisema jambo hilo hilo kwa Kiswahili: tumbo la kuendesha. Lishike hilo neno "kuendesha", tutalihitaji.

Mfereji wa pili ni wa mashine. Injini iliyowashwa "is running" hata gari likiwa limesimama pale pale, kwa sababu ndani yake kuna mwendo usiokatika. Dereva akiambiwa "leave the engine running", kwa Kiswahili anaambiwa "usizime gari". Tazama jinsi lugha zinavyopishana: Kiingereza kinataja mwendo, Kiswahili kinakataza kuukata, na agizo ni moja. Treni ya abiria iliporudi Moshi mwishoni mwa mwaka 2019 na kufika Arusha mwaka uliofuata, baada ya miaka mingi ya reli kulala, Kiingereza kingesema treni "is running again". Kiswahili kinasema treni imeanza tena kufanya safari. Programu ya kompyuta nayo "inaranda"? Hapana, inafanya kazi.

Mfereji wa tatu unashangaza zaidi, maana unavipa mwendo vitu visivyosogea kabisa. "The road runs from Moshi to Himo." Barabara imelala pale pale tangu ilipotengenezwa. Mpaka wetu na Kenya "runs" kutoka Ziwa Viktoria kwenda pwani, nao unapinda kuuacha Mlima Kilimanjaro upande wetu, lakini hakuna aliyeuona ukipinda. Hapa kinachosogea ni jicho la anayetazama au wazo la anayesimulia. Kabla hujasema hayo ni mambo ya Kizungu, jisikilize unavyomwelekeza mtu njia: barabara hii inakwenda Marangu, ile inakatiza msituni, ile nyingine inashuka hadi stendi. Nasi tunavipa miguu vitu vilivyolala. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson, walitoa hoja kwamba sitiari si pambo la washairi, ni njia ya kawaida ambayo akili ya binadamu hushikia mambo. Barabara "inayokwenda" ni ushahidi ulio karibu kuliko wote.

Mfereji wa nne unapita maofisini. "She runs a hotel in Arusha" haina maana kwamba mama huyo anakimbia ndani ya hoteli. Anaiendesha. Neno letu la kushika limerudi. Kuendesha ni "enda" iliyoongezewa kiambishi cha kufanya jambo litokee, yaani kukifanya kitu kiende. Tunaendesha gari, tunaendesha baiskeli, tunaendesha duka, tunaendesha kesi, tunaendesha kipindi cha redio, na chakula kibovu kinatuendesha. Ukiziweka pembeni sentensi hizo na zile za Kiingereza zenye "run", zinalingana karibu zote.

Ugunduzi huu ndio nilitaka kila mwanafunzi aondoke nao. Tumefundishwa kwamba mwenzake "run" kwa Kiswahili ni "kukimbia". Ni kweli kwenye uwanja wa riadha tu. Ukitoka uwanjani, mwenzake wa kweli ni "enda" na ukoo wake wote: endesha, endelea, mwendo, mwenendo. Biashara inaendaje? Saa inakwenda mbio. Mambo yanaendelea vizuri. Kila mahali hapo Mwingereza angeweza kuleta "run" au binamu yake wa karibu.

"Kukimbia" yenyewe imekwenda njia nyingine kabisa. Moyoni mwa neno hili kuna kuponyoka, kuacha kitu nyuma kwa hofu au kwa kutokitaka. Aliyekimbia mke hakufanya mazoezi. Aliyekimbia madeni huenda aliondoka na basi la usiku akiwa amekaa siti ya dirishani. Kutokana na kitenzi hiki tumepata wakimbiaji, ambao tunawapigia makofi, na wakimbizi, ambao tunawapokea na kuwahifadhi. Tumepata pia "kimbilio", mahali pa usalama, neno ambalo waumini hulitumia kumsema Mungu. Kwa hiyo vitenzi hivi viwili vinakutana miguuni, kisha kimoja kinafuata mwendo usiokatika, kingine kinafuata usalama. Simu inapotafsiri maana za kitamathali za kimoja kwa kutumia kingine, lazima itoe kioja.

Mfano mkubwa ni wa uchaguzi. Barack Obama "ran for president" mwaka 2008. Ukisema kwa Kiswahili kwamba "aliukimbia urais", umesema aliutoroka, kinyume kabisa cha alichofanya. Sisi tunasema aligombea, na ndani ya kugombea kuna kugombana: watu wawili wanavutana juu ya kitu kimoja. Wamarekani wao wanaona mbio na utepe mwisho wa barabara. Waingereza hata hawakimbii, kwao mgombea "stands", anasimama. Nasi tuna kipande cha hilo pia, kwa maana vyama vyetu husimamisha wagombea. Picha tatu za jambo moja: kukimbia, kusimama, kuvutana. Anayeongoza kwenye kura za maoni magazeti ya Kiingereza humwita "frontrunner", na hapo Bayi anaweza kutusaidia tena, kwa kuwa yeye alikuwa "frontrunner" wa kweli, mtu wa kukimbia mbele. Riadhani neno hilo hutaja mtindo wa mbio wenye hatari zake, kwani anayetoka mbele mapema anaweza kukata pumzi kabla ya utepe. Siasani hatari hiyo imefutika, limebaki lile la kuwa mbele tu. Maana ya kitamathali huchukua upande mmoja wa kitu na kuuacha mwingine.

Tufike kwenye kipengele kinachowatesa watu kuliko vyote: vijineno vinavyofuata nyuma ya kitenzi. "Run out", "run into", "run over", "run down". Kijana anajua "run", anajua "into", anaviunganisha, anapata upuuzi. "I ran into your brother at Kilombero market" anaielewa kwamba kaka yake amegongwa sokoni, anaanza kutafuta simu ampigie mama. Kumbe mtu amekutana na kaka yake kwa bahati, wakasalimiana. Lakini gari likisemwa "ran into a wall", limegonga ukuta kweli. Na "ran over" ni kugonga na kupita juu, jambo la kuita polisi.

Ukweli ni kwamba hata Kiswahili kinazalisha maana mpya kwa kuongeza kipande kwenye kitenzi. Tofauti ni mahali kinapokiweka kipande hicho. Kiingereza kinakiacha nje, nyuma ya kitenzi, kikiwa neno linalojitegemea. Kiswahili kinakitia ndani, mwishoni mwa kitenzi chenyewe: kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana, kimbiliana. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuta "kimbilia" anaweza kudhani ni kukimbia tu, akakosa kwamba sasa kuna mahali pa kuelekea na sababu ya kwenda huko. Sisi hatuoni ugumu wake kwa kuwa tumezaliwa nao. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba "run out" isomwe kuwa kitenzi kimoja kilichoandikwa kwa nafasi katikati, na ijifunzwe hivyo: kuishiwa. "Run into" ni kukutana bila kutarajia. "Run late" ni kuchelewa.

Kwa vijana wa mlimani jambo hili linavuka mipaka ya mtihani wa lugha. Fikiria kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, muda mfupi kabla ya safari ya usiku kuelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Baridi kali, taa za kichwani zinawaka, wapagazi wanahesabu mizigo. Mgeni mmoja anasema "my nose is running", na huyo ni wa kupewa leso. Wa pili anasema "I'm running low on water", na chupa yake ijazwe kabla ya kuondoka. Wa tatu ameketi kwenye jiwe, hajapiga hatua yoyote, anasema kwa sauti ndogo "I'm running out of breath". Mwongoza watalii aliyeshika "run" kuwa kukimbia peke yake atamjibu kwamba hakuna kukimbia hapa, tunakwenda pole pole, na atatabasamu. Aliyefundishwa vizuri atasikia kwamba mtu anaishiwa pumzi akiwa amekaa, na kuishiwa pumzi ukiwa umepumzika katika kimo kile ni dalili ya kwamba mapafu yanaweza kuwa yanajaa maji. Huyo hapandi. Huyo anashushwa chini usiku ule ule. Wageni watatu wametamka kitenzi kimoja, na mmoja wao maisha yake yanategemea kama aliyekuwa karibu alielewa.

Kuna dhana potofu chache ambazo nazisikia mno na sipendi zipite. Ya kwanza ni kwamba maana za kitamathali ni Kiingereza cha mtaani, kisichofaa kwenye barua rasmi. Si kweli hata kidogo. Mkataba wa nyumba "runs for two years" kwenye karatasi yenye mhuri wa wakili. Wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno "run" na kuchapisha matokeo mwaka 2011, kitenzi peke yake kiliorodheshwa kikiwa na maana 645, kikashika nafasi ya kwanza katika kamusi nzima. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, sifa hiyo ilikuwa ya neno jingine fupi, "set". Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na neno hili moja kwa takriban miezi tisa. Miguu imechukua sehemu tu ya maana hizo. Zilizobaki ni za maji, mashine, fedha, muda, uchaguzi, magonjwa, mipaka. Karne ya viwanda na reli ilichangia sana kuzizalisha, kwa sababu kila mashine mpya iliyowashwa ilihitaji neno la kusema kwamba inaendelea.

Ya pili inaniuma zaidi. Kuna wanaosema Kiswahili ni maskini, kwa kuwa neno moja la Kiingereza tunalitafsiri kwa maneno kumi. Wanaosema hivyo wamesahau kupiga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga deki, tunapiga hodi, tunapiga kura. Mwingereza anahitaji kitenzi tofauti kwa karibu kila moja kati ya hizo, na anayejifunza Kiswahili akishika kamusi yake kwamba kupiga ni kuchapa, atadhani siku ya uchaguzi Watanzania hutandika karatasi viboko. Hakuna anayesema kwa hilo kwamba Kiingereza ni maskini. Kila lugha ina vitenzi vichache ilivyovibebesha mizigo mizito, na vya lugha moja havilingani na vya nyingine.

Ya tatu ni kwamba maana ya kamusi ndiyo ya kweli, hizo nyingine ni za kuazima tu, na kukitokea ubishi kamusi iamue. Hapa naomba tuwe makini sana, kwa sababu Arusha ina ushahidi mzito wa jambo hili kuliko darasa lolote la lugha. Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, ICTR, iliyoundwa na Baraza la Usalama mnamo Novemba 1994, ilisikiliza kesi zake katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, mjini hapa. Mashahidi wengi walisema kwa Kinyarwanda, wakalimani wakapeleka maneno yao kwenye Kifaransa na Kiingereza, na majaji walilazimika kuuliza neno fulani lilikuwa na maana gani siku ile, mahali pale, kwa watu wale. Hukumu ya Septemba 1998 ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ya kwanza duniani ambapo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, ina sehemu nzima inayozungumzia ugumu huo wa lugha.

Kitenzi "gukora" cha Kinyarwanda ni cha kawaida kabisa, maana yake ya msingi ni kufanya kazi. Mwaka 1994 viongozi na watangazaji waliwahimiza watu waende kazini, na waliokuwa wakisikiliza walijua kazi hiyo ni kuua. Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji aliyekuwa mtangazaji wa redio ya RTLM, alikiri makosa yake mbele ya mahakama hiyo, na hukumu yake ya Juni 2000, iliyompa kifungo cha miaka 12, inaeleza jinsi maneno ya kwenda kazini yalivyokuja kuwa amri ya kuwaua Watutsi na Wahutu waliokuwa wapinzani wa serikali ya mpito. Neno "inyenzi", ambalo ni mende, likawa jina la watu waliokusudiwa kufa. Mtu aliyeshika kamusi peke yake angeweza kusimama Arusha na kuapa kwamba redio ilikuwa inahimiza uchapakazi. Majaji walikataa usomaji huo. Waliangalia nani anasema, anamwambia nani, wakati gani, na waliosikia walifanya nini baada ya kusikia. Maana ilikuwa pale, katika matumizi, na walioyatumia maneno hayo waliwajibishwa kwa maana hiyo.

Kwa hiyo ukikutana na "run" usiyoielewa, usikimbilie simu. Tazama kwanza nani au nini kinafanya tendo. Ni mtu au mnyama mwenye miguu? Huenda ni kukimbia kweli, ingawa mtu anaweza pia kugombea, kuchelewa au kuishiwa. Ni kimiminika? Jaribu kutoka, kutiririka au kuchuja. Ni mashine, basi au treni? Jaribu kufanya kazi au kufanya safari. Ni njia, ukuta au mpaka? Jaribu kupita au kwenda. Kisha tazama kama nyuma ya kitenzi kuna kitu kinachotendwa, duka au shamba au mkutano, kwani hapo karibu kila mara ni kuendesha. Na tazama kijineno kilichofuata, kwa sababu kikiwepo, kitenzi ni kingine.

Jaribu sentensi hii, ya aina inayoonekana sana kwenye kurasa za biashara: "The man who ran the company for ten years ran up huge debts, the firm ran out of cash, and he is now on the run." Kuna "run" nne, na simu isiyo nzuri itakupa mtu anayekimbia kampuni, anayepandisha madeni mbio, na kadhalika. Ya kwanza ina kitu kinachotendwa, kampuni: ni kuendesha. Ya pili ina "up", na kinachopanda ni madeni: ni kulimbikiza. Ya tatu ina "out": ni kuishiwa. Ya nne haina mwendo wa miguu wala wa maji. Ni mtu anayetafutwa na hataki kupatikana, na hapa, baada ya kuachana njia nzima, "run" na kukimbia vinakutana tena kwenye kuponyoka. Bwana aliyeiendesha kampuni hiyo kwa miaka kumi alilimbikiza madeni makubwa, kampuni ikaishiwa fedha, na sasa amekimbia.